Lenzi ya Bei Nafuu na Amana ya Jicho

Lenzi ya kujitia giza ni kioo kinachofungwa mbele ya helmeti ya kuchomelea. Fundi anapopanga vyuma vyake huweza kuona kupitia kioo hicho, na mwali wa umeme unapowaka hugeuka cheusi papo hapo. Bei zake zimeachana mno. Ipo ambayo fundi wa mageti na madirisha anaweza kuilipia kwa ujira wa siku chache, na ipo itakayomlia ujira wa mwezi mzima na zaidi. Zikilazwa pamoja juu ya kaunta hufanana, na zote mbili hutia giza zikimulikwa. Swali la dukani ni kama ile ya bei ya chini inafaa. Ndani yake mna maswali ambayo wanafalsafa na mafakihi wamehangaika nayo tangu kale: mtu ana mamlaka gani juu ya kiungo cha mwili wake, anaweza kukiamini kwa msingi gani kitu asichokuwa na uwezo wa kukikagua, na nani abebe lawama ya kasoro isiyoonekana.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir mjini Kairo mwanzoni mwa karne ya 11, alijenga hoja yake juu ya jambo ambalo hakuna asiyelijua: jicho likilitazama jua huuma. Maumivu hayo kwake yalikuwa ushahidi kwamba nuru ndiyo inayolijia jicho na kulitenda, kinyume cha waliodhani kuwa jicho hutoa miale yake ikaenda kuvigusa vitu. Karne nyingi kabla yake, Plato katika Phaedo alimfanya Socrates aonye juu ya watu wanaojiharibia macho kwa kutazama kupatwa kwa jua moja kwa moja, badala ya kuangalia taswira yake majini. Wote wawili waliijua nuru inayoumiza. Hawakujua kwamba ipo nyingine isiyoonekana kabisa, ambayo hupita bila kuuma na kuacha madhara nyuma yake.

Ujuzi huo ulipatikana kupitia vioo vyeusi. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel, akiwa Uingereza, alikuwa akijaribu vioo vya rangi mbalimbali ili aweze kulitazama jua kwa darubini bila kuumia. Aliona jambo la ajabu: baadhi ya vioo vilipunguza mwanga sana huku joto likipita, na vingine vilipitisha mwanga mwingi huku joto likiwa dogo. Kulifuatilia jambo hilo ndiko kulikomfikisha kwenye mionzi ya infraredi. Mwaka uliofuata, Johann Ritter wa Ujerumani aligundua mionzi ya upande wa pili wa upinde wa rangi, urujuanimno, kwa jinsi ilivyoitia weusi chumvi ya fedha. Tangu hapo ilipaswa kueleweka kwamba weusi wa kioo na usalama wa kioo ni mambo mawili. Miaka zaidi ya 200 baadaye jambo hilo bado halijafika kwenye karakana nyingi.

Mwali wa kuchomelea hutoa aina zote tatu za nuru kwa pamoja. Sehemu kubwa ya urujuanimno huishia kwenye konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kuiunguza. Muungulio huo hausemi kitu wakati wa kazi. Huja saa 6 hadi 12 baadaye, mara nyingi usiku, kwa machozi, maumivu makali na hisia ya mchanga ndani ya macho, kisha kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Mwanga unaoonekana, hasa wa bluu, hupita hadi retina, na jeraha lake huko linaweza lisipone. Infraredi hupasha joto lenzi ya jicho. Kwa miaka mingi ya kazi inahusishwa na mtoto wa jicho, ugonjwa uliojulikana zamani miongoni mwa wafua vioo na wafanyakazi wa tanuri. Mwaka 2017 jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mionzi ya urujuanimno ya kuchomelea katika kundi la visababishi vya hakika vya saratani, kwa sababu ya saratani ya jicho. Fundi wa kawaida anaijua athari ya konea tu, kwa kuwa ndiyo inayouma. Huitibu kwa vipande vya kiazi kibichi au kwa maziwa, ambavyo vikisaidia ni kwa kupoza tu, na maumivu yakiondoka huhesabu kwamba madhara nayo yameondoka.

Lenzi ya kujitia giza hufanya kazi mbili kwa sehemu mbili tofauti, na kutozitenganisha ndiko chanzo cha makosa mengi ya ununuzi. Sehemu ya kwanza ni kioo cha mbele kilichopakwa tabaka nyembamba sana zinazorudisha nyuma urujuanimno na infraredi. Tabaka hizo hazitumii umeme. Katika lenzi iliyotengenezwa sawasawa huizuia mionzi hiyo hata betri ikiwa imekufa na kioo hakijaingia giza. Sehemu ya pili ni fuwele kioevu, jamii ya zile zinazoonyesha namba kwenye saa na vikokotoo, zilizobanwa kati ya vichujio vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Vihisi vilivyo mbele ya lenzi vikiuona mwali, umeme hupelekwa kwenye fuwele, mpangilio wake hubadilika na mwanga hukosa njia. Lenzi nyingi hutangazwa kuwa zinabadilika kwa sehemu moja ya 25,000 ya sekunde; kope la binadamu, kwa haraka yake yote, huhitaji takriban sehemu moja ya kumi. Waswahili husema macho hayana pazia. Mwaka 1981, kampuni ya Hörnell ya Sweden ilipoingiza sokoni lenzi ya namna hii kwa jina la Speedglas, fundi wa kuchomelea alipata pazia linalofunga kabla ya yeye kujua kwamba kuna cha kukifungia.

Giza lenyewe hupimwa kwa namba. Kila namba moja inapoongezeka, mwanga unaopita hushuka hadi takriban asilimia 37 ya ule wa namba iliyotangulia. Namba 3 na 4, ambazo ndizo lenzi hizi huwa nazo kabla ya mwali kuwaka, hupitisha karibu asilimia 14 na asilimia 5. Namba 10 hupitisha asilimia 0.014 hivi. Miwani ya jua ya kawaida, ambayo mafundi wengi wa kandokando ya barabara wa Afrika Mashariki huivaa kama kinga, hupitisha kati ya asilimia 8 na 18, yaani mara mia kadhaa na hata zaidi ya elfu moja ya kinachopita katika namba 10. Anayeivaa hupata utulivu wa moyo kuliko kinga.

Ugumu wa kifalsafa unaanzia hapa. Kazi inayoonekana, yaani kutia giza, mnunuzi anaweza kuijaribu dukani kwa kuielekeza lenzi juani. Kazi isiyoonekana hawezi kuijaribu, kwa sababu kipimo pekee alicho nacho ni jicho, na jicho haliioni mionzi inayohusika. Likidhurika hutoa taarifa baada ya saa nyingi au miaka mingi. Uzoefu, ambao katika ufundi ndio mwalimu mkuu, hapa hauna la kufundisha. Fundi aliyetumia lenzi miaka kumi bila kuumwa ana ushahidi kwamba konea yake haikuungua. Hana ushahidi wowote kwamba retina yake iko salama. Kwa hiyo kila anayenunua lenzi, ya ghali au ya rahisi, hununua kwa imani, na kilichobaki ni kuuliza kama imani hiyo ina mashiko.

Mafakihi wa Kiislamu wana utaratibu wa kupanga mahitaji ambao unalifaa jambo hili kuliko kipimo chochote cha matangazo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kisha akayapanga maslahi katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana maisha huharibika. Inafuata haja, ambayo ikikosekana watu huishi kwa dhiki. Ya mwisho ni tahsini, yaani yanayopendezesha. Aliye na kidogo hapaswi kulinunua la daraja ya tatu kwa kulipunguza la daraja ya kwanza. Kwa lenzi ya kuchomelea, kuzuia urujuanimno na infraredi pamoja na kufikia giza linalolingana na ampea za mashine ni dharura. Kujitia giza yenyewe ni haja. Dirisha pana, rangi zinazoonekana kama zilivyo, vitufe vya kidijiti na helmeti iliyochorwa ni tahsini. Hapo ndipo unafuu halali unapojulikana: lenzi iliyoshushwa bei kwa kupunguza tahsini, na pengine sehemu ya haja, ni nafuu kwa haki. Iliyoshushwa bei kwa kupunguza tabaka zisizoonekana imeshushwa kwa mkopo ambao mlipaji wake ni jicho la mwingine.

Mpango huo unaleta pia hitimisho ambalo wauzaji hawalitaji. Kioo cheusi cha kawaida cha namba 10 au 11, kisicho na betri wala kihisi, kikiwa cha kiwango, hutimiza dharura yote kwa bei ndogo kabisa. Asiye na uwezo wa lenzi ya kujitia giza hajanyimwa usalama, na hapaswi kusukumwa anunue lenzi ya mashaka kwa kuogopa kuonekana amebaki nyuma. Anachokosa ni urahisi, na urahisi huo una uzito wake wa kimaadili. Anayechomelea kwa kioo cha kawaida haoni kitu mpaka mwali uwake. Anapotaka kushikiza chuma kwa nukta, mara kumi, mara ishirini, huku mkono mmoja ukishika pembe isisogee, hushawishika kuiacha helmeti juu, kufumba macho au kugeuza uso, na kuamini kwamba nukta moja haidhuru. Madhara mengi ya macho huingia kwa mlango huo.

Wapo wanaosema kwamba kifaa kinachomlinda mtu chenyewe humfanya mzembe, na kwamba fundi mwema ni yule anayejizuia kwa nidhamu. Hoja hiyo ina sura ya Aristotle, aliyefundisha kwamba wema wa tabia hupatikana kwa kutenda na kurudia kutenda. Lakini Aristotle huyohuyo aliiweka busara ya matendo katikati ya maadili, na busara ni pamoja na kuchagua njia zinazoufaa mwili uliochoka saa kumi jioni. Mtu anayeujua udhaifu wake na kupanga zana zake kwa kuuzingatia hajapungukiwa na wema. Zaidi ya hayo, lenzi hii haiondoi nidhamu, huihamisha. Inamdai mwenyewe aijaribu kila asubuhi kabla ya rodi ya kwanza, afute vihisi vilivyofunikwa na vumbi na cheche, abadili plastiki ya nje ikichakaa, asiiache ianguke sakafuni. Asiyekuwa tayari kwa desturi hizo ndogo afadhali abaki na kioo cha kawaida, ambacho hakina cha kuharibika ila kupasuka.

Kuhusu bei ya jicho lenyewe, mapokeo hayakubaliani kwa maneno ila yanakaribiana kwa hukumu. Kwa Muislamu mwili ni amana. Aliye nao ni mtunzaji, naye ataulizwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu na kwamba wao si mali yao wenyewe. Kant, aliyetaka kulisimamisha jambo hilo juu ya akili bila kutegemea ufunuo, alitenganisha vitu vyenye bei, ambavyo badala yake hupatikana, na utu, ambao hauna badala. Katika kitabu chake cha mwaka 1797 aliona hata kuuza jino ni kujikosea. Lakini sheria haikuweza kukaa bila namba. Fiqhi iliweka diya kamili, yaani fidia ya uhai wa mtu, kwa macho mawili na nusu yake kwa jicho moja, maana yake macho mawili yalihesabiwa sawa na uhai mzima. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, kinamwamuru bwana aliyempofusha mtumwa wake jicho amwache huru kwa ajili ya jicho hilo. Diya na uhuru huo havikuwa bei ya kununulia jicho. Vilikuwa mzigo wa kumfanya mwenye nguvu afikiri kabla, na ndiyo sababu vilikuwa vizito hivyo.

Kwa maskini, hata hivyo, amana ni zaidi ya moja. Watoto wake ni amana, na chakula cha leo ni chao. Kumwambia fundi kwamba jicho halina bei kisha kumwacha mbele ya lenzi ya ujira wa mwezi ni kumtwika hukumu bila kumpa njia. Mpangilio wa Ghazali unamtendea haki zaidi: unamwambia ni kipi kisichokatwa na ni kipi kinachoweza kusubiri, na kumwondolea hatia ya kutonunua kilicho bora.

Upande wa pili wa kaunta una wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu ndiko uliko ujuzi. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu, alisimulia ubishi wa Wastoa wawili. Diogenes wa Babeli alisema muuzaji ataje kasoro kwa kadiri sheria inavyomtaka, na mengine anyamaze bila kusema uongo. Antipater wa Tarso alisema mnunuzi asifichwe chochote anachokijua muuzaji. Karne ya 13 Thomas Aquinas alitoa hukumu ya kati yenye manufaa hapa. Kasoro iliyo wazi, naye alitoa mfano wa farasi mwenye jicho moja, haina lazima itangazwe, maadamu bei imeizingatia, kwa kuwa mnunuzi anaiona. Kasoro iliyofichika na yenye hatari lazima isemwe. Lenzi yenye dirisha dogo ni farasi wa jicho moja: kila mtu anaona alichonunua. Lenzi isiyo na tabaka za kuzuia mionzi ni kasoro ya aina ya pili, na kunyamaza kwa muuzaji hapo ni sawa na kusema uongo. Hadithi inasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni Madina, akatia mkono wake katika rundo la nafaka na kukuta unyevu chini ya nafaka kavu. Alimuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, akasema: “Anayedanganya si miongoni mwetu.” Yule mwenye nafaka alijitetea kwamba ni mvua iliyoilowesha. Utetezi haukumfaa, kwa kuwa kosa lake halikuwa unyevu. Muuzaji wa lenzi leo hutoa utetezi unaofanana, kwamba mzigo ulikuja hivyohivyo ndani ya kontena, na jibu linabaki lilelile: asiyejua anachouza na akatangaza kwamba kinakinga ameshika dhamana asiyokuwa nayo.

Nafaka angalau huweza kutiwa mkono. Kwa vitu ambavyo mkono wa mnunuzi haufiki, miji ya Kiislamu ya zama za kati ilikuwa na muhtasibu, msimamizi wa soko. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa kazi hiyo huko Shamu katika karne ya 12, aliwaweka matabibu wa macho chini ya mkono wake: muhtasibu awatahini kwa kitabu cha Hunayn ibn Ishaq juu ya jicho, na asiyekijua asiruhusiwe kugusa macho ya watu. Mantiki yake ni safi. Mgonjwa hawezi kumpima tabibu, basi awepo mwingine anayeweza, aliyepewa mamlaka kwa niaba ya wote. Viwango vya leo vinafanya kazi hiyo: EN 379 ya Ulaya, ambayo nafasi yake inachukuliwa na ISO 16321, na ANSI Z87.1 ya Marekani. Maabara hupima mionzi ambayo jicho haliioni, kisha alama huchapwa kwenye lenzi ili ujuzi wa maabara umfikie fundi.

Alama nayo hughushiwa, na hapo swali la imani hurudi. Wanachuoni wa hadithi walilikabili swali la sura hiyo walipopokea kauli ambazo hawakuzisikia wenyewe. Hawakutosheka na matini, yaani maneno yenyewe, hata yawe mazuri kiasi gani. Waliuliza isnadi, nani amepokea kutoka kwa nani, na kama kila mmoja katika mnyororo anajulikana kwa ukweli na kumbukumbu. Herufi CE, alama ya ulinganifu ya Ulaya, zilizochapwa kwenye plastiki ni matini. Isnadi yake ni jina la mtengenezaji lililo kamili, kijitabu kinachotaja maabara iliyopima na kiwango kilichotumika, mwagizaji mwenye anwani, na duka linalotoa risiti na kukubali kurudishiwa mzigo wenye kasoro. Lenzi ya bei nafuu yenye mnyororo huo mzima inastahili kuaminiwa kuliko ya ghali isiyo na mwenyewe. Bei kubwa peke yake si shahidi, maana wanaoghushi hughushi zaidi majina yanayouzwa ghali.

Kusoma alama hakuhitaji elimu kubwa. Mfano wa maandishi ya EN 379 ni 4/9-13, yakifuatiwa na herufi za mtengenezaji, kisha 1/1/1/2/379. Namba ya kwanza ni giza kabla ya mwali, na 9-13 ni masafa ya giza wakati wa kazi. Zile nne zilizotenganishwa kwa mikwaju ni daraja za ubora wa kuona: usahihi wa taswira, kutawanyika kwa mwanga, usawa wa giza kutoka upande hadi upande, na mabadiliko ya giza fundi anapotazama kwa pembe. 1 ni bora na 3 ni ya chini. Hizi ni namba za starehe na uchovu wa macho, na ndipo mwenye fedha kidogo anapoweza kukubali 2 au hata 3 bila kuhatarisha kitu. Anayechomelea mageti kwa rodi za milimita 2.5 na 3.2 hufanya kazi kwa ampea kati ya 60 na 140 hivi, na giza la namba 10 au 11 linamtosha. Masafa ya hadi 13 hayana kazi kwake. Vihisi viwili vinatosha kwa kazi ya mezani. Anayelala chini ya gari au kujipenyeza kwenye kona, ambako bomba au mkono wake mwenyewe unaweza kukifunika kihisi, anahitaji vinne, na kwake hiyo si anasa. Anayetumia mashine ya TIG kwa ampea ndogo ahakikishe lenzi inaushika mwali hafifu, kwani nyingi za bei ya chini hupepesa hapo. Betri inayobadilishika ni bora kuliko iliyofungiwa ndani. Na ikitokea lenzi imechelewa kuingia giza hata mara moja bila sababu ya vumbi au betri, iwekwe kando siku hiyohiyo.

Mpaka hapa hesabu imekuwa ya jicho moja, la mwenye helmeti. Karakana ina macho mengine. Yupo saidia fundi anayeshikilia chuma kisiyumbe huku ameziba uso kwa kiganja. Mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, asiye na mshahara wala sauti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga, lakini mafunzo ya ufundi uani na kandokando ya barabara hufanyika bila mkataba, na mkaguzi hafiki. Hapa mpangilio wa daraja unatoa hukumu iliyo kali kuliko inavyotarajiwa. Fundi mkuu mwenye fedha za kutosha lenzi moja ya kujitia giza, na msaidizi asiye na kitu, hajafikia bado daraja ya haja. Fedha hizo zinatosha helmeti mbili za kioo cha kawaida, na dharura ya kijana inatangulia urahisi wa bwana wake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari asije mtu akaanguka, na Maimonides aliupanua wajibu huo ukahusu kila kitu chenye kuhatarisha uhai. Mwenye dari haulizwi kama mgeni alilipa kodi ya kupanda.

Nje ya karakana wapo wapita njia: mtoto anayesimama kushangaa mwanga wa bluu, mama ntilie wa jirani anayeukabili mwali siku nzima akiwa jikoni, dereva wa bodaboda anayesubiri abiria. Mwali huruka pia kwa kuakisiwa na ukuta mweupe au mabati mapya. Hakuna lenzi, ya bei yoyote, inayowakinga hawa. Fiqhi na Torati zote mbili zina hukumu juu ya shimo lililochimbwa na kuachwa wazi: Kutoka 21 inamdai mchimbaji alipe mnyama aliyetumbukia, na mafakihi wa Kiislamu humdai aliyechimba njiani bila idhini madhara ya atakayeanguka. Hazimlaumu aliyeanguka kwa kutoangalia. Anayewasha mwali kando ya barabara amechimba shimo la namna hiyo, na kifuniko chake ni turubai zito au bati lililopakwa rangi isiyong'aa, likisimamishwa kati ya mwali na njia kabla ya rodi ya kwanza kuwashwa. Gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya lenzi iliyo nafuu kuliko zote, na katika orodha ya matumizi ya karakana mahali pake ni kabla ya lenzi hiyo.